UZI: Nimewagawia watu wangu kadi ya banki bila kuwapa kisima chote (Lubumbashi)

#1 Yaya_Kamalondo

Jumapili njema, wa kwetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na ninyi mlio mbali.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa bei za vitenge nilitupia neno kwamba mdogo wangu "ana kadi yake ndani ya kadi yangu". Watu wakanifuata pembeni mmoja mmoja: ni banki gani, inafanyaje, si atakula feza zako? Nimechoka kurudia. Naandika hapa mara moja, mwenye swali aulize chini.

Nauza vitenge na nywele. Mlango wangu ni mdogo, Kamalondo, lakini nusu ya wateja wananipata kupitia ukurasa wetu mtandaoni. Matangazo ya ukurasa ni kazi ya mdogo wangu, yuko mwaka wa tatu UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mimi hayo mambo sina mkono nayo. Matangazo tunayalipa kwa kadi, na kadi ni yangu. Kwa hiyo mwaka jana nilifanya kile ambacho najua wengi wenu mnafanya hata leo: niliipiga kadi picha, mbele na nyuma, nikamtumia WhatsApp.

Ndani ya wiki tatu dola 140 zikatoka. Dola 60 zilikuwa za matangazo, hizo nilizijua. Dola 38 ni abonema, yaani usajili wa kulipia, ya mwaka mzima ya programu ya kurembesha picha: kijana alikuwa amechukua "siku 7 za bure" akasahau. Zilizobaki, dola 42, hakuna aliyezijua. Jina la muuzaji lilikuwa herufi zisizosomeka. Mdogo wangu akaapa kwa jina la marehemu baba. Nilimwamini, na bado tuligombana, kwa sababu makuta yakitoka bila maelezo hata unayemwamini anaanza kukaa kama mwizi machoni pako. Tulinyimana salamu siku 13. Mama akatoka Likasi kuja kutusuluhisha, na basi lake nililipa mimi.

Ukweli ulikuja baadaye. Simu yake ilikuwa imelala kwa rafiki kota siku mbili, na picha ya kadi yangu ilikuwa humo, katikati ya picha za harusi.

Banki nilienda. Dada wa dirishani alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akauliza swali moja: "Hiyo namba, ulimpa wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia karatasi zangu.

Sasa nieleze kadi pepe, ile hapa tunaisema karte virtueli. Ni namba ya tarakimu 16, tarehe ya kuisha, na tarakimu 3 za usalama, kama ile ya plastiki, ila plastiki hamna. Unaiumba ndani ya programu ya banki au ya pochi ya simu, na unaweza kuwa nazo kadhaa. Mimi naona hivi: akaunti ni kisima, kila kadi pepe ni ndoo. Ndoo ya mdogo wangu ikipasuka naitupa ndoo, kisima kiko palepale, na ndoo za wengine hazijui kilichotokea.

Ziko za aina mbili na ni vizuri kuuliza kabla. Kuna zinazochota moja kwa moja kwenye akaunti, na wewe unaweka plafo, yaani kikomo: kwa mara moja, kwa mwezi, au kwa maisha yote ya kadi. Na kuna za kujaza, ambazo hazina kitu mpaka uweke. Yangu ni ya kujaza. Watu wanaidharau, mimi naipenda, maana kikomo ni kile nilichotia.

Leo nina tatu. Moja inaitwa "Matangazo", naijazia dola 50 kila tarehe 1, namba anayo mdogo wangu. Ya pili ni ya mtoto wa dada yangu anayesoma Kitwe, Zambia, dola 15 kwa mwezi za vitabu vya mtandaoni na mega za intaneti. Ya tatu ni yangu, ya kuagizia kwa duka nisilolijua: naiumba, nalipa, naifuta.

Mama yangu hana kadi. Mnaniuliza kwa nini mama nimemnyima. Mama ananunua nyanya na unga wa bukari (ugali) sokoni Likasi, nani pale anapokea kadi? Namtumia kwa simu, anatoa kwa kabini, kile kibanda cha feza za simu, iliyo karibu na kanisa, kwisha. Nilipojaribu kumweleza habari ya kadi, aliuliza: "Na mkusanyaji anapita saa ngapi?" Alidhani ni ile kadi ya akiba ya sokoni, ile ya visanduku, unatoa kila siku na mwisho wa mwezi mkusanyaji anakata siku moja yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini kwa kweli hiyo nayo ilikuwa kadi ya kikomo, tena ya kabla yetu.

Faida nyingine, ndogo, ila ya kwetu sana: dola ya kadi haina kona iliyochanika, ile inayofanya wauzaji wakukatalie noti. Mnajua nasema nini.

#2 Mzee_wa_Katuba

Binti, miye nimesoma yote mpaka mwisho. Zamani nilikuwa natuma mutoto ku soko na noti mu mukono. Anarudia na bintu, tunahesabu change pa meza, biko sawa. Kama haumwamini mutoto, usimutume. Lakini kumupa kadi yenye kufungwa kamba, ile njo kumwambia "weye mwizi" na sauti ya chini. Apana. Famille haiko banki.

#3 Yaya_Kamalondo

Papa, heshima zako zote. Lakini uliyemtuma sokoni ulimpa noti ya franka, hukumpa ufunguo wa sanduku. Noti yenyewe ndiyo ilikuwa kikomo! Mtoto hakuona umemtukana. Plastiki ndiyo iliyotuharibu: tukaanza kuwakabidhi watoto sanduku zima ili wakanunue chumvi. Mimi nimerudi kwenye noti yako.

Halafu mdogo wangu namwamini, Papa. Simu yake ndiyo siiamini.

#4 Fundi_Ruashi

Yaya umeeleza vizuri, niongeze mafuta kidogo kwenye taa. Nafanya kazi ya kompyuta, watu wananiletea hizi kesi.

Kwanza, tofautisheni kuipunguzia kadi feza na kupunguza deni. Hapa wengi wanaanguka. Mitandao mingi ya matangazo haikukati kabla. Inakuacha utumie, deni likifika kiwango fulani ndipo inagonga kadi. Kadi ikiwa na dola 50 na deni ni 58, kadi inakataa, matangazo yanasimama, na deni linakungoja. Kikomo cha kadi kimekinga kisima chako, hakijafuta ulichokwisha tumia. Kwa hiyo plafo iwekwe mara mbili: kwenye kadi, na ndani ya akaunti ya matangazo yenyewe, ambako utaona sehemu ya kuweka kiwango cha mwisho. Ya ndani iwe chini ya ile ya kadi.

Abonema nayo ni hivyohivyo. Kufuta kadi si kufuta abonema. Umefunga mlango, lakini mgeni bado anaandika jina lako kwenye daftari lake. Ingia kwenye huduma, bonyeza pa kusitisha, ngoja barua pepe ya kuthibitisha, ndipo ufute kadi. Na wale mnaosema "mimi nitabadilisha tu kadi ya plastiki na abonema itakufa yenyewe": Visa na Mastercard wana huduma ya kupeleka namba mpya kwa wauzaji waliokuwa na ile ya zamani, banki yako ikiwa imejiunga. Kadi mpya, abonema ileile, na wewe unashangaa.

Pili, kode ya SMS. Ukilipa duka jipya mara nyingi banki inatuma kode kwa mwenye akaunti, siyo kwa mwenye ndoo. Wengine wanaona ni kero, mimi naona ni kufuli la bure: hata namba ikivuja, mwizi anasimama mlangoni. Lakini si kila duka linaomba kode. Na abonema ikishathibitishwa mara ya kwanza, miezi inayofuata inakata bila kuuliza. Kwa hiyo kode inakulinda mlangoni tu, sebuleni haipo.

Tatu, kuna kadi zinazozuia kwa aina ya biashara. Kila muuzaji ana namba 4 za aina yake: 5411 ni duka la vyakula, 7995 ni kamari na kubeti, 6011 ni mashine ya kutolea feza. Banki ikikuruhusu, unaweza kuzuia 7995 na ukalala. Ila kumbukeni, namba ni ya duka, siyo ya bidhaa. Mtoto akienda supamaketi akanunua bia, kadi inaona 5411 tu. Kikapu haikioni.

Mwisho: msitume picha. Namba 16 andika kwa ujumbe, zile 3 za nyuma msomee kwa sauti kwenye simu. Muuzaji mwenyewe hana ruhusa ya kuhifadhi zile 3 baada ya malipo kuidhinishwa, ni kanuni ya kadi duniani kote. Sasa kwa nini wewe uzihifadhi kwenye galeri ya mtu? Simu ngapi za mkono wa pili zinapita mbele yangu hapa Ruashi zikiwa na picha zote za mwenyewe wa kwanza. Sitaki hata kusimulia ninachokuta humo.

#5 Binti_Kasapa

Mimi ni mwanafunzi. Sisi tuko watano tunashirikiana programu moja ya kuchorea ramani kwa ajili ya memwari zetu, zile kazi za kumalizia chuo, kifurushi chenyewe kinaruhusu watu watano. Zamani ilikuwa vita kila mwezi, nani ametoa, nani hajatoa, kadi ya nani. Sasa tunafanya kama likelemba, ule mchezo wa kuchangishana: kila mtu anatuma sehemu yake kwa simu kwa mweka hazina kabla ya tarehe 25, yeye anajaza kadi pepe moja yenye jina la programu tu. Mmoja asipotoa, kadi haijai, programu inakufa kwa wote. Mwezi wa kwanza ilikufa. Mwezi wa pili wote walitoa tarehe 20.

Swali kwa Fundi: tulijaza kiasi kamili cha bei, ikakataliwa. Tukaongeza dola 2 ikapita. Kwa nini?

#6 Fundi_Ruashi

Ada ya banki, au kodi ambayo tovuti inaiongeza dakika ya mwisho. Na kama akaunti yenu ni ya franka na programu inauzwa kwa dola, kuna kubadilisha, na kiwango cha siku ya kukata si lazima kiwe kile mlichokiona jana. Fungueni ya dola, na acheni nafasi ya kupumua juu ya bei. Angalieni pia, baadhi ya watoaji wa kadi wanatoza ada kila muamala unapokataliwa. Ukijaribu mara sita ukiwa na hasira, umelipa hasira.

#7 Mwana_Lushi_Ohio

Nawasalimu kutoka baridi. Nilizaliwa Kampemba, sasa niko Marekani, jimbo la Ohio. Huku vitu hivi viko mbele kidogo, ngoja nieleze msije mkahangaika kuvitafuta huko kwenu.

Kuna kampuni inaitwa Privacy. Kadi zake nyingine zinajifunga zenyewe: duka la kwanza kuitumia ndilo linabaki nayo, duka lingine likijaribu inakataa. Nyingine ni za mara moja, ikilipa inajifunga. Hii ya kujifunga kwa duka moja ndiyo nzuri kuliko zote kwa kumpa mtu. Hata akiisambaza kwa kijiji kizima, hakuna pa kuitumia. Lakini lazima uwe mkazi wa Marekani na akaunti ya banki ya huku, msidanganywe na wanaowauzia "akaunti za Privacy" huko Lubumbashi. Ulaya wapo Revolut, kampuni nyingine ya feza, wenye kadi ambayo namba yake inabadilika kila baada ya malipo. Kenya, Safaricom na Visa walitoa mwaka 2022 kadi pepe inayochota kwenye M-Pesa, na zile tarakimu 3 unaziomba kila unapolipa, muda wake unaisha.

Nilianza kwa sababu ya dada yangu mdogo, yuko Bel-Air, alikuwa anaomba vyuo vya nje. Kila chuo na ada yake ya maombi. Nikamtengenezea kadi moja kwa kila chuo. Makosa yalikuwa mawili, jifunzeni bure.

Kosa la kwanza: chuo kimoja kilikuwa kinapima kadi kwa kukata dola 1 kisha kuirudisha, ndipo kinakata ada yenyewe. Kadi ilikuwa ya mara moja. Ile dola 1 ikahesabika ndiyo malipo, kadi ikafa, ada haikupita, na muda wa maombi ulikuwa unaisha saa sita usiku. Dada analia kwenye simu, mimi niko kazini. Kwa hiyo ya mara moja ni kwa duka unalojua linakata mara moja. Kama hujui, weka ya kikomo.

Kosa la pili: kwa kadi ya banki yangu (siyo hiyo ya Privacy) dada aliandika anwani yake ya Lubumbashi. Ikakataliwa. Wauzaji wa huku wanalinganisha namba ya nyumba na msimbo wa posta na vilivyoko banki. Unayempa kadi mpe na anwani yako, aandike ya kwako.

Na lile swali ambalo dada wa dirishani alimuuliza Yaya, huku liko kwenye sheria. Kwa kadi inayochota akaunti, kanuni yao inaitwa Regulation E: ukimpa mtu kadi yako kwa hiari, anachotumia hakihesabiki kuwa wizi, mpaka uiarifu banki kwamba mtu huyo hana ruhusa tena. Kumgombeza ndugu kwenye simu hakuhesabiki. Kuiarifu banki ndiko kunahesabika. Kwa hiyo ile plafo uliyoiweka mapema ndiyo bima yako.

#8 Sauti_ya_Goma

Ninyi mnaongea habari ya kuchagua ndoo, sisi kisima chenyewe kilifungwa. Mabenki ya biashara hapa Goma yalifunga milango mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mji. Mimi natengeneza tovuti za watu, lazima nilipe majina ya tovuti na seva kila mwezi. Dada yangu yuko Nairobi, aliniumbia kadi pepe ya dola 20. Namba ninayo, kode inaenda kwake. Kila mwezi tarehe 3 namwandikia: "Dada, fungua jicho, kode inakuja." Ameshazoea, anajibu hata akiwa ndani ya matatu. Wateja wangu wananilipa kwa simu, mimi namrudishia yeye kwa njia nyingine, tunaandika kwenye daftari la pamoja mtandaoni.

Yaya, hapo kwenye kuaminiana: kadi ina kikomo, lakini deni langu kwa dada halina. Hilo tunalibeba sisi wawili.

#9 Dereva_Kasumbalesa

Mimi ni mtu wa lori. Boss alisikia haya mambo akanipa kadi pepe ya mafuta, safari ya Ndola. Nimefika kituo upande wa Zambia, kijana ameleta mashine, anasema ingiza kadi. Kadi gani? Iko kwenye simu, namba tupu. Akanitazama kama nimempa picha ya bukari nikamwambia kula. Nililala pale mpaka boss akapata njia nyingine. Kwa barabarani: keshi au plastiki. Péage, pale pa kulipia barabara, haijui namba zenu.

#10 Fundi_Ruashi

Boss wako alikosea chombo. Namba pepe ni ya kulipa mtandaoni. Inaweza kugusishwa kwenye mashine ikiwa tu imeingizwa kwenye pochi ya simu ya aina inayokubaliwa na banki ile na nchi ile. Hoteli pia wengi wanataka kuona plastiki mlangoni, hata kama ulilipia chumba kwa namba pepe, na wengine wanashikilia kiasi cha dhamana kinachokaa siku kadhaa. Kwenye kadi ya kujaza hicho kiasi kinameza ndoo yote.

#11 Mama_Junior

Mimi nina swali la ndani ya nyumba, msinicheke. Mume wangu amesikia habari hii akaniambia ataniumbia mimi kadi ya plafo ya matumizi ya mwezi. Miye! Miaka 14 ya ndoa. Yaya, kwako ilikuwa mdogo. Kwa mke inakuwaje?

#12 Yaya_Kamalondo

Mama Junior, hapa siwezi kujibu kama mtaalamu, nitajibu kama jirani.

Mdogo wangu nilipompa kadi, tulikaa. Nilimuuliza matangazo yanahitaji kiasi gani, akasema 80, nikasema 40, tukakutana 50. Ile 50 ni yetu wawili. Siku ikiwa haitoshi, anaandika, naongeza. Angeikuta tu imewekwa, angejiona mtumishi, na mimi ningekuwa nimerudisha zile siku 13 za kununiana kwa mlango wa nyuma.

Mwambie mumeo wazo ni zuri, na wewe utamuumbia ya kwake, ya mpira na bia. Mkae meza moja, kila mmoja aone kikomo cha mwenzake. Akikataa ya kwake, basi umeshajua kadi ilikuwa ya nini.

#13 Mama_Junior

😂😂 Namusomea sasa hivi ile ya bia. Amezima televisheni.

#14 Binti_Kasapa

Yaya, na kitu kikirudishwa? Umelipa kwa kadi ya mara moja, duka halina mzigo, linarudisha feza kwenye kadi ambayo umeshaifuta. Zinaenda wapi?

#15 Yaya_Kamalondo

Hiyo ilinikuta na nywele nilizoagiza. Niliifuta kadi siku ileile kwa kujiona mjanja, duka likaniandikia mzigo umekwisha, feza zimerudi. Zimerudi wapi, kadi marehemu! Kwa watoaji wengi zinashuka kwenye akaunti ya nyuma ya kadi. Kwangu zilikaa hewani wiki mbili na nusu, nikawa napeleka namba ya muamala na barua ya duka mpaka zikaonekana. Tangu hapo sifuti mpaka mzigo ufike mkononi. Nabloke tu. Kadi iliyoblokiwa hailipi, lakini iko hai, na ukihitaji unaifungua. Kabla ya kuiumba, waulize banki yako kama kadi iliyoblokiwa inapokea marejesho.

Nijibu na lile la "banki gani". Sitaji. Nikitaja mtasema nimelipwa, na ikiwaharibikia mtakuja kuchoma vitenge vyangu. Ulizeni mambo haya: ni ya kuchota au ya kujaza, naweza kuwa na ngapi, kuiumba ni bei gani na ikikataliwa mnatoza, kode inaenda kwa namba ya nani, na marejesho yanashuka wapi. Wasipojua kujibu la mwisho, nenda mlango wa pili.

#16 Mzee_wa_Katuba

Binti, narudia. Ile neno yako ya noti na sanduku imenikamata usiku muzima. Miye niko na mujukuu ku Likasi, anataka kulipa masomo ya kompyuta pa mtandao. Naweza kuya ku magasin yako unionyeshe? Programu ya banki niko nayo, mutoto wa mujirani njo alinitilia.

#17 Yaya_Kamalondo

Papa, karibu sana, jumanne baada ya saa nne, mlango wa bluu. Leta simu yako na kitambulisho. Kadi ya plastiki iache nyumbani, hatutaihitaji.

#18 Mzee_wa_Katuba

Sawa binti. Kadi haiko na shida, mujukuu iko nayo tayari. Nilimutumia picha yake jana, mbele na nyuma. Nilitia mu groupe ya famille juu sikukuwa na namba yake mupya.

#19 Yaya_Kamalondo

Papa.

Kundi la familia lina watu wangapi?

#20 Mzee_wa_Katuba

63.

#21 Yaya_Kamalondo

Usingoje jumanne. Fungua ile programu sasa hivi, gusa picha ya kadi, tafuta neno "kubloke". Ukishindwa, nyuma ya kadi kuna namba ya simu ya banki, piga sasa hivi. Halafu ufute ile picha kwa wote kwenye kundi, ingawa waliokwisha kuihifadhi wanayo. Utaomba kadi nyingine wiki hii. Nitumie namba yako pembeni nikupigie tufanye pamoja.

#22 Mzee_wa_Katuba

Nimegusa. Inaniuliza kode.

#23 Yaya_Kamalondo

Imekuja kwenye simu yako?

#24 Mzee_wa_Katuba

Imekuya. Niiandike hapa?

#25 Fundi_Ruashi

HAPANA PAPA. Hapa apana! Iandike ndani ya programu!

#26 Mzee_wa_Katuba

Musipige makelele, nasikia. Imekuwa ya majivu, imeandikwa "imeblokiwa". Njo vile?

#27 Yaya_Kamalondo

Njo vile, Papa.